Koti la Handaki: Je, Thamani Yake Yalingana na Bei?

Miongoni mwa mavazi yenye sifa kubwa katika miji ya Ulaya limo koti refu la mvua ambalo jina lake la Kiingereza lina maana ya koti la handaki. Ni koti la pamba, aghalabu la rangi ya mchanga, lifungwalo kwa safu mbili za vifungo na kukazwa kiunoni kwa mkanda. Likiwa jipya, na likiwa limeshonwa na kampuni ya Burberry ya Uingereza, bei yake hupita pauni 1,500, na mara nyingine hufikia pauni 2,000 na zaidi. Hata hivyo wako watu wa kipato cha kawaida, wakiwamo waliotoka Afrika ya Mashariki na Kongo kwenda kusoma au kufanya kazi huko, wasimamao mbele ya dirisha la duka na kujiuliza kama si bora mtu ajinyime mara moja, anunue kitu kitakachodumu. Swali hilo si la upuuzi, nalo lastahili kujibiwa kwa hesabu.

ASILI YA KOTI

Kabla ya koti hili, Waingereza walijikinga na mvua kwa kitambaa cha Charles Macintosh, aliyepata hataza yake mwaka 1823. Kitambaa hicho kilikuwa na mpira katikati ya tabaka mbili za nguo. Maji hayakupenya, lakini jasho nalo halikutoka, na harufu ya mpira iliwakera wengi.

Mwaka 1856 kijana wa miaka 21, Thomas Burberry, alifungua duka la nguo katika mji wa Basingstoke, kusini mwa Uingereza. Mwaka 1879 alibuni kitambaa alichokiita gabardini, akakipatia hataza mwaka 1888. Maarifa yake yalikuwa mepesi kueleza: uzi ulitiwa dawa ya kuzuia maji kabla ya kufumwa, kisha ukafumwa kwa kubanwa sana. Matone ya mvua yaliteleza juu ya nguo, na hewa ikaendelea kupita. Kitambaa hicho kilivaliwa na wasafiri wa nchi za barafu, akiwamo Roald Amundsen wa Norwei, aliyefika Ncha ya Kusini mwaka 1911, na Ernest Shackleton wa Uingereza.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, ya mwaka 1914 hadi 1918, koti hilo lilivaliwa katika mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji, na hapo ndipo lilipopata jina lake. Yafaa ikumbukwe kwamba halikuwa vazi la kila askari. Maofisa wa Uingereza walijinunulia mavazi yao katika maduka ya London, ambapo askari wa kawaida walipewa na serikali makoti mazito ya sufu. Vitambaa vya mabegani vilikuwa mahali pa alama za cheo. Pete za chuma za mkandani zilitundikiwa vifaa kama mkoba wa ramani. Kipande cha nguo kinachofunika kifua upande mmoja kilizuia maji yasiingie penye kifungio. Vita vilipokwisha, maofisa walirudi nyumbani na makoti yao, na raia wakayapenda. Humphrey Bogart alilivaa katika filamu ya Casablanca ya mwaka 1942, naye Audrey Hepburn katika Breakfast at Tiffany's ya mwaka 1961. Basi tangu mwanzo koti hili lilifanya kazi mbili: kukinga mvua, na kumtambulisha mvaaji wake kuwa mtu wa daraja fulani. Mnunuzi wa leo hulipia kazi zote mbili.

KINACHOLIPIWA

Bei ya koti hugawanyika katika mafungu matatu, yaani kitambaa, ushonaji na jina. Mafungu mawili ya kwanza ni ya kweli. Makoti ya asili ya Burberry hushonwa katika mji wa Castleford, katika jimbo la Yorkshire, na mafundi waliozoea kazi hiyo. Ukosi wake, ulio sehemu ngumu kuliko zote, huhitaji mkono wa fundi stadi ili ulale vizuri shingoni bila kukunjamana. Mishono imenyooka, vifungo vimekazwa barabara, na kitambaa hustahimili miaka mingi ya kuvaliwa.

Fungu la tatu ni jina, nalo ndilo linalopaswa kutazamwa kwa makini. Mwaka 2018 ilifahamika kwamba katika mwaka mmoja wa hesabu kampuni hiyo ya Burberry ilikuwa imeteketeza bidhaa zake ambazo hazikuuzwa, zenye thamani ya pauni milioni 28.6, zisije zikauzwa kwa bei ya chini na kulishusha jina. Watu walilalamika sana, na mwezi wa Septemba mwaka huohuo kampuni ikatangaza kuiacha desturi hiyo. Tukio hilo lafundisha kwamba bei ya nguo za aina hii hulindwa kama mlango wa hazina, na kwamba sehemu kubwa ya fedha ya mnunuzi haiendi kwenye pamba wala kwenye uzi.

Funzo la pili latokana na kampuni ya Aquascutum, iliyoanzishwa London mwaka 1851, nayo ikiwa na sifa ya makoti ya mvua tangu enzi za vita. Mwaka 2012 ilielemewa na madeni, na jina lake likanunuliwa na kampuni ya Hong Kong. Jina laweza kuuzwa mbali na mikono iliyolijengea heshima. Wahenga walisema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara hulitazama koti lenyewe kabla ya kutazama kibandiko kilichomo ndani ya ukosi.

Hapana budi kutaja pia yale ambayo koti hili haliyawezi. Si koti la theluji. Pamba peke yake haihifadhi joto, na asiye na bitana ya sufu ya kuongeza ndani, au sweta nzito, atatetemeka mwezi wa Januari. Mvua kubwa ya saa nzima nayo hatimaye hupenya. Ni vazi la majira ya kati, yaani masika na vuli ya Ulaya, wakati wa manyunyu na upepo.

HESABU YA SIKU

Wauzaji wana hoja moja wanayoipenda: koti la bei kubwa ni rahisi kwa sababu hudumu, na bei ikigawanywa kwa siku za kuvaliwa huwa ndogo. Hoja hiyo na ipimwe kwa tarakimu.

Ichukuliwe kwamba koti jipya la pauni 2,000 litavaliwa siku 100 kila mwaka kwa miaka 15. Hizo ni siku 1,500, na kila siku itagharimu pauni 1 na peni 33. Sasa lichukuliwe koti la kawaida la pauni 120, litakalochakaa baada ya miaka mitatu. Hizo ni siku 300, na kila siku itagharimu peni 40. Ili koti la kwanza lishuke hadi peni 40 kwa siku, hapana budi livaliwe siku 5,000, yaani miaka 50. Hata mwenye koti akiliuza baada ya ile miaka 15 na kupata pauni 600, gharama yake itabaki peni 93 kwa siku, zaidi ya maradufu ya lile la kawaida.

Sasa litazamwe koti la tatu: lilelile la asili, lakini lililokwisha kuvaliwa na mtu mwingine. Likinunuliwa kwa pauni 400, likatengenezwa na fundi kwa pauni 50, kisha likavaliwa siku 100 kwa mwaka kwa miaka kumi, kila siku itagharimu peni 45. Hapo mnunuzi amepata kitambaa na ushonaji uleule, na fungu la jina limekwisha kulipwa na mwenye koti wa kwanza.

KOTI NA KARO

Hesabu hiyo huwa nzito zaidi inapoingia katika maisha ya jamaa. Na achukuliwe kwa mfano muuguzi kijana, mzaliwa wa Bukavu, afanyaye kazi katika hospitali mjini Manchester. Hutoka alfajiri kwenda kituo cha basi, na wenzake wawili wa zamu wana makoti ya aina hii. Kwa muda wa miezi kumi na minne ameweka akiba ya pauni 1,900. Nyumbani, mdogo wake amemaliza masomo ya sekondari na anangoja karo ya chuo.

Mama yake amwambia katika simu, "Mwanangu, nasikia baridi ya huko haina huruma. Jinunulie koti zuri, usitufikirie sisi tu kila siku."

"Ndiyo, Mama, nitanunua," ajibu binti, lakini bei haitaji.

Mama huyo hakukosea. Binti ahitaji koti, na afya yake ndiyo mtaji wa jamaa nzima. Muuguzi alalaye na homa ya mapafu hatumi karo. Wala si haki kumtaka mtu aliye mbali na kwao aishi kama mfungwa, asijipatie kitu cha kumfurahisha. Lakini kunyamaza kwake kwafaa kuwa kipimo. Bei ambayo mtu aona haya kuitaja mbele ya mama yake imekwisha kumpa jawabu, hata kabla hajafika kwenye kaunta ya duka.

Njia ifaayo kwake ni ile ya koti la tatu. Akilipata kwa pauni 400 na kulitengeneza kwa 50, atabakiwa na pauni 1,450, na karo itatumwa kwa wakati wake. Tena koti hilo halitakuwa la bure atakaporudi likizo, kwa maana Bukavu iko mahali pa juu, yapata mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kando ya Ziwa Kivu, na jioni za mvua huko zina ubaridi wake. Mtu wa Dar es Salaam au wa Mombasa hawezi kudai manufaa hayo. Kwake koti litakaa sandukuni na kunuka ukungu.

KULIKAGUA KOTI LILILOVALIWA

Mwenye kununua koti lililovaliwa, iwe katika duka la Uingereza au katika soko la mitumba la Kadutu, Owino au Gikomba, ambako makoti ya aina hii hutokea mara kwa mara, na afuate utaratibu huu.

Kwanza, akunjue ukosi na kutazama mkunjo wake, na miisho ya mikono. Hapo ndipo nguo huchakaa mapema, na kitambaa kilichokatika kwenye mkunjo hakina dawa.

Pili, aligeuze ndani nje. Bitana iliyochanika kwapani si kasoro kubwa, maana fundi yeyote mzuri huweza kuibadili. Lakini michirizi kwenye mirabaraba ipishane vizuri penye mishono. Ikiwa imepotoka ovyo, huenda koti ni la kughushi.

Tatu, avihesabu vifungo na kuutazama mkanda na bizimu yake. Kifungo kimoja kikikosekana si neno. Mkanda ukikosekana bei na ishuke.

Nne, achuruzishe maji kidogo sana juu ya kitambaa, kwa ruhusa ya muuzaji. Yakiteleza, dawa ingalimo. Yakizama mara moja, ajue kwamba dawa imekwisha, na kwamba itampasa kulipia kutiwa nyingine.

Tano, alivae juu ya sweta. Mabega ndiyo sehemu ngumu kurekebishwa. Mikono mirefu hufupishwa, lakini bega lililobana halina msaada.

Likishapatikana, litundikwe kwenye hanga yenye mabega mapana, likaushwe kivulini baada ya mvua, wala lisitiwe katika mashine ya kufulia. Madoa yapanguswe kwa kitambaa chenye maji, na linapochafuka kabisa lipelekwe kwa dobi afuaye kwa dawa pasipo maji.

JAWABU

Koti la handaki lililoshonwa vizuri ni nguo njema, na sifa yake haikuzuka bure. Mwenye kipato kikubwa, asiyedaiwa na mtu wala kutegemewa na wengi, anaweza kulinunua jipya kwa furaha ya moyo wake, mradi asijidanganye kwamba ameweka akiba. Kwa mwenye mshahara wa kawaida na jamaa nyuma yake, bei ya koti jipya haitetewi na hesabu yoyote ya haki. Yeye na alitafute lililokwisha kuvaliwa, alikague kwa subira, na akilikosa, anunue la kawaida lenye joto, kisha atume karo. Mvua ya Manchester haisomi kibandiko cha ndani ya ukosi.