Karani au Mwanasayansi?

Mama mmoja, mke wa askari polisi, ametuletea barua. Binti yake amehitimu masomo ya kompyuta, naye ameitwa kazini katika taasisi ya utafiti ili awaandikie wanasayansi programu za kukokotoa hesabu zao. Mama huyo auliza: mwanangu atakuwa mwanasayansi, au karani wa wanasayansi?

Swali hilo lina umri mkubwa kuliko binti mwenyewe. Mwaka 1959, katika chuo cha MIT huko Marekani, bwana Edward Lorenz alimwajiri Margaret Hamilton amwandikie programu za kuchunguza mwenendo wa hali ya hewa. Lorenz alikuwa askari mwenzenu: wakati wa Vita Kuu ya Pili alitabiri hali ya hewa kwa ajili ya ndege za jeshi. Kompyuta yao, LGP-30, ilikuwa na ukubwa wa meza ya ofisini, na amri zake zilitobolewa katika utepe wa karatasi. Bibi Hamilton alijifunza kazi hiyo akiwa kazini. Mwaka 1961 alihamia kwingine, akamwachia nafasi Ellen Fetter, msichana aliyehitimu hisabati.

Mwaka huohuo Lorenz alitaka kurudia hesabu moja. Badala ya 0.506127 aliandika 0.506, akaenda kunywa kahawa. Aliporudi, hali ya hewa ya miezi miwili iliyokokotolewa na mashine ilikuwa imeachana kabisa na ile ya kwanza. Kwanza alidhani mashine imeharibika. La hasha! Ni zile tarakimu tatu alizozikata. Ndiyo maana hata leo hakuna mtabiri awezaye kukuhakikishia kama siku ya harusi yako, miezi miwili ijayo, mvua itanyesha.

Makala ya ugunduzi huo ilitoka mwaka 1963, na mwandishi wake ni Lorenz peke yake. Bibi Fetter alishukuriwa mwishoni kwa kushughulikia hesabu na kutayarisha michoro. Hatumlaumu bwana yule. Ndiyo iliyokuwa desturi. Hamilton baadaye aliongoza uandishi wa programu za vyombo vya Apollo vilivyofika mwezini, akatunukiwa nishani na Rais mwaka 2016. Fetter aliiacha kazi hiyo.

Basi, mama, kazi ya bintiyo ni sayansi: programu ikikosea, utafiti mzima umekosea. Mwaka 2012, katika mkutano huko Uingereza, watu wa kazi hii walijipatia jina rasmi, wahandisi wa programu za utafiti. Hata hivyo, mara nyingi mshahara wao hutegemea fedha za mradi, na mradi ukiisha mkataba huisha. Kabla hajatia sahihi, binti na aulize mkataba ni wa muda gani, na kama jina lake litaandikwa miongoni mwa waandishi wa makala. Majibu ayapate kwa maandishi.