Saa Moja kwa Wiki

Kwa kanuni za kimataifa za takwimu, aliyefanya kazi ya malipo au ya faida kwa saa moja tu ndani ya siku saba ana ajira. Kijana aliyebeba mizigo Kariakoo Jumanne asubuhi, akalipwa, kisha akashinda kijiweni hadi Jumapili, ameshahesabiwa. Wengi wakisikia hivyo hudhani ni janja ya serikali. Sivyo. Hesabu ya pato la taifa hujumlisha hata jasho la saa moja, na watakwimu walitaka hesabu ya watu ilingane nayo. Kosa ni letu, tunaokichukua kiwango cha ukosefu wa ajira na kukiuliza kama watu wanaishi vizuri.

Kwetu wengi hawana posho ya kukaa wakisubiri kazi. Asiye na akiba atakaanga mihogo, atauza vocha, atafua nguo za jirani, na jioni ataingia safu ya wenye ajira. Anayeweza kukaa miezi sita akizungusha bahasha za maombi mara nyingi ana mtu wa kumlisha. Ndiyo maana kiwango kidogo katika nchi maskini hakinifurahishi hata kidogo.

Kiwango hicho pia hushuka kwa sababu mbaya. Chukua mtaa wenye watu wazima 100: 80 wana ajira, 10 wanatafuta, 10 hawana kazi wala hawaitafuti, hivyo hawamo kabisa katika nguvu kazi. Wasio na ajira ni 10 kati ya 90, yaani asilimia 11.1. Watano wakichoka kutafuta, wanatoka kwenye hesabu, na kiwango kinaporomoka hadi asilimia 5.9. Hakuna hata mmoja aliyepata kazi.

Lakini utata mkubwa zaidi uko shambani. Mwaka 2013 mkutano wa kimataifa wa watakwimu wa kazi, chini ya Shirika la Kazi Duniani (ILO), uliamua kwamba anayelima hasa kwa ajili ya chakula cha kaya yake anafanya kazi, ila hana ajira. Katika kanuni za 1982 mtu huyo alikuwa nayo. Sasa mfikirie mdadisi amekaa kwenye kigoda, dodoso mkononi, anamuuliza mama mwenye ekari moja ya mahindi: sehemu kubwa ya mavuno ni ya kuuza au ya kula? Mahindi bado yako kiunoni. Mvua ikikatika, yataliwa yote. Ada ya shule ikibana na bei ikiwa nzuri, madebe kadhaa yatapanda lori. Mama anajibu “ya kula”, kwa kuwa ndiyo nia yake leo. Ikiwa hatafuti kazi nyingine, jibu hilo linamwondoa katika nguvu kazi. Jirani yake, mwenye shamba kama lake na jembe kama lake, anasema “ya kuuza” na anabaki ndani.

Rwanda iliuonja uzito wa jambo hili. Tafiti zake za kaya za mwanzoni mwa muongo uliopita zilionyesha ukosefu wa ajira chini ya asilimia 4. Utafiti wa nguvu kazi ulioanza 2016, kwa kipimo kipya, ukatoa kiwango cha tarakimu mbili. Uchumi haukuwa umeanguka. Tanzania nayo, kando ya kipimo cha kimataifa, ina tafsiri yake ya kitaifa, inayowaingiza walio tayari kufanya kazi hata kama hawaitafuti, pamoja na wenye vibarua visivyo na uhakika. Kwangu hiyo iko karibu zaidi na hali halisi, ingawa ukitaka kujilinganisha na jirani haikusaidii.

Kwa hiyo katika toleo hili tumeweka sharti: hakuna kiwango cha ukosefu wa ajira kitakachochapishwa bila mwaka wake na tafsiri yake kando yake. Makala za ukurasa wa mbele zinahusu saa na kipato: nani anafanya kazi saa chache kuliko anavyotaka, nani anafanya nyingi mno kwa ujira usiotosha nauli na chakula. Mwandishi mmoja alilalamika kwamba sharti hilo limemharibia kichwa cha habari. Ni kweli, kilikuwa kizuri. Tumekiondoa.