Mali ya Aliyefia Safarini

Katika michezo ya mezani ya kuigiza visa, iliyoanza kuenea tangu Dungeons & Dragons ilipochapishwa Marekani mwaka 1974, iko desturi ambayo wachezaji wengi hawaiulizi. Shujaa wa mmoja wao akifa, wenziwe humpekua hapo hapo. Huyu huchukua upanga, yule dawa, wa tatu fedha. Na hoja yao ni moja tu, kwamba maiti hana haja navyo na walio hai wanavyo. Husemwa kuwa ni mchezo. Naam, ni mchezo. Lakini hoja hiyo haikuzaliwa mezani. Ilitenda kazi Kwihara, jirani na Tabora, mwezi wa Oktoba 1873, na hata leo haikosi watetezi.

Livingstone alifariki mapema mwezi wa Mei mwaka ule katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, hawakugawana kitu. Masanduku yalifunguliwa mbele ya wote, ili dhamana iwe ya wote, na Jacob Wainwright, aliyesomea Nasik huko Bara Hindi, akaandika orodha ya vilivyomo. Ndipo walipoukausha mwili na kushika njia ya pwani. Vitabu vingi vimewaita watumishi waaminifu. Sifa hiyo ni ndogo mno, maana mbwa naye husifiwa uaminifu. Watu wale walikuwa wasii: walijua mali ni ya nani, walijua inakwenda wapi, na waliandika.

Huko Unyanyembe walimkuta Luteni Cameron, aliyetumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kumsaidia Livingstone. Alitoa shauri mwili uzikwe pale pale; wakakataa, na neno lao likasimama. Kuhusu masanduku mambo yalikuwa mengine. Cameron aliyafungua, akatwaa sehemu kubwa ya vyombo vya kupimia, navyo vikarudi bara pamoja naye.

Watetezi wake husema kwamba alikuwa na kazi ile ile, tena marehemu angependa iendelee. Yawezekana. Walakini ni nani aliyempa ruhusa ya kusema kwa ulimi wa marehemu? Wasii walikuwapo mbele yake, na orodha waliifanya. Tena hoja ya faida yenyewe haishiki. Kila kipimajoto na kila kipimahewa kina kosa lake, na hesabu alizoandika Livingstone kwa miaka mingi zingeweza kusahihishwa vizuri kama vyombo vilivyozitoa vingefika Uingereza pamoja na daftari. Kuvitenga na daftari na kuvitia katika hatari ya safari mpya kulikuwa kuipunguzia thamani kazi ile ile iliyotajwa kuwa udhuru.

Wala isidhaniwe kwamba njia ya misafara ilikuwa na desturi njema kwa kila mtu. Mpagazi aliyeanguka kati ya Tabora na Bagamoyo, mzigo wake uligawiwa wenziwe na msafara ukaendelea. Mzigo ulihesabiwa kwa sababu ulikuwa na mwenyewe huko pwani, lakini kidogo alichokuwa nacho yeye hakikuandikwa popote. Hii ndiyo sababu orodha ya Chitambo ni jambo kubwa. Watu ambao mali yao wenyewe haikuwa na mwandishi ndio waliohakikisha kwamba ya mwingine inaandikwa.

Je, Cameron hakujua la kufanya? Alijua. Mwezi wa Februari 1874 alifika Ujiji, akakuta karatasi ambazo Livingstone aliziacha huko. Hizo hakuzihitaji kwa safari yake. Alizipeleka pwani.