Ndizi za vitamini A: Swichi ya jeni ina maana kwa anayepika mbichi

KATIKA vibanja vya Ijumbi, wilayani Muleba, ndizi ni chakula cha kila siku, na hupikwa zikiwa mbichi. Hicho ndicho kipimo cha kwanza cha habari za ndizi zenye vitamini A nyingi, zinazotafitiwa na Uganda katika kituo cha Kawanda, pamoja na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Queensland, Australia.

Watafiti walichukua jeni kutoka ndizi aina ya Fe'i, ambayo nyama yake ina rangi ya chungwa. Lakini jeni peke yake haifanyi kazi. Lazima iwe na promota, yaani swichi inayoamua iwake lini na katika sehemu ipi ya mmea. Jeni na swichi huunganishwa kwenye plasmidi, kipande cha duara cha vinasaba vya bakteria, kabla ya kuingizwa kwenye mgomba.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017, ya shamba la majaribio la ndizi aina ya Cavendish huko Australia, yalilinganisha swichi tatu. Iliyotoka kwenye mahindi iliongeza lishe tangu tunda likiwa changa. Mbili zilizotoka kwenye ndizi zilichelewa hadi hatua za mwisho za ukuaji. Lengo lilikuwa mikrogramu 20 kwa gramu moja ya ndizi kavu. Mgomba mmoja ulifikia 55.

Kwa Kagera tofauti hiyo si ndogo. Mla ndizi mbivu anaweza kuisubiri swichi iliyochelewa. Mpika ndizi mbichi hawezi, hasa mkungu unapokatwa mapema ili kuwahi gari la mnunuzi. Jaribio hilo pia lilionyesha kuwa hata kwenye migomba ya kawaida, matunda yaliyochukua muda mrefu zaidi kukua ndiyo yaliyokuwa na lishe zaidi.

Sheria nayo bado ni kikwazo. Tanzania ilisitisha majaribio ya mazao ya uhandisi jeni mwaka 2021. Nchini Uganda, muswada uliopitishwa na Bunge mwaka 2017, na tena mwaka 2018, ulirudishwa na Rais bila kusainiwa.

Kwa hiyo mkulima asikubali kuuziwa mche kwa jina la ndizi hizo. Mche usiojulikana asili yake unaweza kuleta mnyauko kibanjani. Kwa sasa, chanzo cha uhakika cha vitamini A ni viazi lishe vya rangi ya chungwa, na mkungu uachwe ukomae.