Mwandishi wa Kujitegemea Humtegemea Nani?

Kila msimu wa matamasha unapowadia Unguja, pamoja na wanamuziki na watazamaji hufika kundi dogo lenye daftari na kamera. Hao ndio waandishi wa sanaa wa kujitegemea. Gazeti halikuwaajiri, hulipwa kwa makala, na makala isiyonunuliwa ni hasara yao peke yao. Tangu Tamasha la Filamu lilipoanza mwaka 1998, na Sauti za Busara mwaka 2004, maandishi yao juu ya kisiwa hiki yamekuwa mengi. Wingi huo haujaleta uhakiki.

Kwanza, jina lenyewe lina walakini. Kujitegemea gani huko, ikiwa mara nyingi tiketi ya ndege imetoka kwa mwenye tamasha, kitanda kimetoka kwa mwenye hoteli, na maana ya kila wimbo imetoka kinywani mwa mwongoza watalii? Mtu aliyelazwa na kulishwa huona haya kumkosoa mwenyeji wake. Basi husifu. Mwaka 2016 Sauti za Busara haikufanyika kwa kukosa fedha. Msomaji aliyelishwa sifa peke yake angejuaje kwamba jukwaa lile linaloimbiwa na maelfu lilisimama juu ya miguu dhaifu?

Pili, makala hizi zina umbo moja, kana kwamba zimekatwa kwa kigezo kimoja cha fundi cherehani. Huanza na harufu ya karafuu, hupita kwenye mlango wa nakshi, hukaa kidogo Forodhani jua likizama, kisha humfikia bibi mzee anayeimba. Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, aliteseka sana kwa kigezo hicho. Baada ya kupewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, kalamu zilishindana kuukuza umri wake ambao haukuwa na hati, zikahesabu sigara zake, zikastaajabia miguu yake mitupu. Unyago, ambao kwake ulikuwa elimu na kazi ya maisha, ukatiwa ndani kama bizari ya kukoleza mchuzi. Ni nani aliyemtungia nyimbo, alizipokeaje kutoka kwa waliomtangulia, na yeye mwenyewe alibadilisha nini ndani yake? Hayo ndiyo maswali ya uhakiki, na hayo ndiyo yaliyoachwa.

Hapo ndipo penye dhuluma kubwa zaidi. Taarab ni shairi kabla ya kuwa sauti. Mtunzi hupima mizani, hutafuta vina, huficha fumbo; ndipo sauti hutiwa, na mwimbaji husimama. Katika makala za wageni mwimbaji hutajwa, mpiga ganuni hupigwa picha, na mtunzi hufutika kabisa. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923 chini ya serikali ya kikoloni, lilichapa mashairi pamoja na majina ya watunzi wake. Ni aibu kwa uandishi wa leo kushindwa na karatasi ya mkoloni katika adabu ndogo kama hiyo.

Watetezi wao husema kwamba mhariri wa ng'ambo hana nafasi ya majina yasiyojulikana na wasomaji wake. Hoja hiyo haisimami. Makala hiyo hiyo hupata nafasi ya kutaja hoteli, bei ya chumba na aina ya samaki aliyeliwa. Jina la mtunzi ni maneno mawili au matatu. Kinachokosekana ni nia ya kuuliza, na kuuliza kunahitaji lugha. Asiyejua Kiswahili humwona mwanamke akiinuka na noti mkononi kwenda kutunza, akaandika kwamba ni desturi ya kupendeza. Hajui kwamba ameinuka kwenye ubeti fulani, kwa sababu ubeti huo una mtu wake, na mtu huyo huenda ameketi safu ya tatu.

Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri. Wimbo wake wa Kijiti ulieleza habari ya mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja, muuaji akakimbilia bara, na waliotoa ushahidi ndio wakafungwa. Ule ulikuwa wimbo na taarifa na hukumu juu ya mahakama yenyewe. Mwandishi anayeiita taarab muziki wa mapenzi na kufunga daftari lake, ameupita mlango wa nyumba bila kubisha hodi. Na aliyeandika wasifu wa Siti kwa Kiswahili, Shaaban Robert, alikuwa karani wa serikali. Aliwaandikia watu waliokuwa wameisikia sauti ile, ambao wangeweza kumsuta kama angepotosha.

Kusutwa huko ndiko kusikowapata waandishi wa leo. Makala huandikwa Unguja, husomwa London au Berlin, na hairudi. Aliyeandikwa haoni alichosemewa, wala hawezi kukikanusha. Kalamu hizi pia hungoja tuzo ziwaamshe. Riwaya ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah ilitoka mwaka 1994. Tafsiri yake ya Kiswahili, Peponi, ilitoka mwaka 2022, baada ya Nobel ya mwaka 2021. Miaka 28 ilipita kabla mtoto wa Unguja hajasomwa kwa lugha ya Unguja.

Haki isemwe: mwandishi wa kujitegemea naye ni mnyonge. Malipo ni madogo, hucheleweshwa, na safari ya utafiti hailipiwi. Lakini unyonge wake hauhalalishi kumnyima jina mnyonge mwenzake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu huondoka usiku wa siku ya pili, kabla jembe halijatolewa.

Jembe lenyewe si zito. Akae mazoezini katika klabu kama Nadi Ikhwan Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, aulize kila shairi limetungwa na nani. Amwambie msomaji nani alilipa nauli yake. Aseme pia kilichopooza, kwani msanii asiyekosolewa hudumaa. Na makala yake aitoe kwa Kiswahili, iwafikie walioandikwa. Wahariri wa visiwani nao wafungue mifuko, wamlipe kijana wa hapa anayeijua lugha na fumbo lake. Wasipofanya hivyo, watunzi wataendelea kuzikwa mmoja mmoja, na nyimbo zao zitabaki bila wenyewe.