Mwacheni Mwenye Shaka Afanye Kazi Yake

"Anayejishuku ameshashindwa kabla hajaanza." Maneno hayo yalisemwa kwa kipaza sauti katika ukumbi uliojaa vijana waliomaliza vyuo. Msemaji ni mhamasishaji ambaye simtaji, kwa sababu wenzake ni wengi na wote wanasema yaleyale. Vijana waliamriwa wasimame, wageukiane, wapige kelele kwamba wao ni washindi. Walikuwa wamelipa kiingilio kwa ajili hiyo, na wengi wao hawana kazi.

Mpwa wangu alikuwemo. Kesho yake alikuja nyumbani, akaniamkia, akakaa kimya kama ilivyo desturi yake, kisha akanipa simu nisome. Kabla ya semina walikuwa wameagizwa wafanye jaribio la haiba kwenye intaneti, naye alikuwa ameangukia INTP-T. Maelezo yalisema huyu ni mtu wa ndani, mchambuzi, anayependa kuzama katika mawazo kuliko kukaa na umati. Ile T ya mwisho ilisema ana wahaka: hujisuta, na usiku hurudia kichwani kila alichokisema mchana. Ukumbini wenye T waliambiwa wanyooshe mikono, kisha wakaambiwa kwamba herufi hiyo ni mzigo na wautue leo.

"Mjomba," akaniuliza, "hii T inafutika?"

Nina hasira tangu siku ile. Kijana wa watu, mwenye akili timamu na mikono safi, ameuziwa imani kwamba kile anachofanya vizuri kuliko wote ndicho ugonjwa wake.

Herufi zenyewe kwanza, maana zinavaliwa siku hizi kama kabila. Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, alitoa kitabu chake kuhusu aina za haiba mwaka 1921. Katharine Briggs wa Marekani akakisoma akakipenda, na wakati wa Vita Kuu ya Pili binti yake, Isabel Briggs Myers, akatunga maswali ya kuwagawa watu katika makundi 16. Isabel hakusomea saikolojia. Shahada yake ilikuwa ya sayansi ya siasa. Na hata yeye hakuweka herufi ya wahaka. Hiyo ilipachikwa miaka mingi baadaye na kampuni ya Uingereza yenye tovuti ya majaribio haya, kwa kuazima wazo la wanasaikolojia wanaopima jinsi mtu anavyoguswa upesi na hofu na huzuni. Kwa wanasaikolojia hicho ni kipimo cha kiasi, na watu wengi wako katikati. Tovuti ikakikata vipande viwili, A ya wanaojiamini huku na T kule, na aliyevuka mstari kwa nywele moja amepewa herufi ileile ya aliyeuvuka kwa maili. Mwaka 1993 David Pittenger, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika kwamba karibu nusu ya watu wanaorudia jaribio la Myers-Briggs baada ya wiki 5 hupata angalau herufi moja tofauti. Kwa hiyo, mwanangu, ukisubiri mwezi na kidogo huenda hata herufi nyingine ikabadilika yenyewe!

Lakini sigombani na maelezo yale. Yanamfanana kabisa. Ninachokikataa ni hukumu iliyofuata, ya kwamba shaka ya mtu juu ya nafsi yake ni upungufu, na kwamba mtu mzima ni yule anayejiamini.

Mwenye shaka hukagua. Sina hoja kubwa kuliko hiyo, na sihitaji nyingine. Anayejiamini hana sababu ya kurudi nyuma kuangalia. Anayejishuku anarudi, kwa sababu kichwa chake hakimpi usingizi mpaka arudi. Kazi zote ambazo maisha yetu yanazitegemea, dawa, madaraja, hesabu, sheria, zinasimama juu ya mgongo wa mtu aliyerudi kuangalia mara ya pili.

Mpwa wangu aliwahi kufanya kazi kwa muda katika chama kimoja cha akiba na mikopo. Akipitia majedwali aliona kwamba riba ya baadhi ya mikopo inakokotolewa juu ya mkopo wote wa mwanzo wakati mkataba unasema juu ya deni lililobaki. Akakagua, akakagua tena. Kwenye kikao akasimama akasema, "Nadhani kuna kosa hapa, ingawa huenda mimi ndiye sijaelewa." Basi. Ile "huenda" ilimmaliza. Mwenyekiti alimwambia arudi akiwa na uhakika, na ajenda ikaendelea. Baadaye wanachama wenyewe, akina mama wauza samaki wanaojua hesabu ya kila shilingi yao, walikuja na madaftari wakidai walichozidishiwa. Kosa lilikuwa lilelile. Hakuna aliyemwita kijana kumwambia kwamba alikuwa sahihi, naye akabaki akijilaumu kwa kutosema kwa nguvu. Hapo ndipo roho inaponiuma. Waliokosea walilala usingizi, na aliyeliona kosa ndiye aliyekesha.

Sasa nimtaje mtu ambaye kila aliyefika sekondari amesikia jina lake. Charles Darwin. Msomaji ana haki ya kuikataa nadharia yake ya mageuzi ya viumbe, na najua wengi wanaikataa. Mimi nasema habari ya namna alivyofanya kazi. Wazo lake kuu lilimjia mwaka 1838, akiwa na miaka 29. Mwaka 1842 akaliandika kwa penseli kurasa 35. Mwaka 1844 akalipanua likafika kurasa 230 hivi, akalifungia, akamwachia mkewe Emma maagizo kwamba akifa zitumike pauni 400 kulichapisha. Mwaka huohuo alimwandikia rafiki yake Joseph Hooker kwamba kulisema jambo hili kunamfanya ajione kama anayekiri mauaji. Kisha akafanya nini? Akageukia viumbe vidogo vya baharini vyenye magamba, vile vinavyoganda kwenye miamba na matumbo ya meli, akavichunguza miaka 8, tangu 1846 hadi 1854. Hakutaka mtu aje amwambie kwamba anazungumzia spishi bila kuwahi kuichambua hata jamii moja ya viumbe mpaka mwisho wake.

Muda wote huo alikuwa akiumwa. Alitapika, moyo ulimwenda mbio, wageni walimchosha hadi akalala kitandani. Aliishi kijijini Kent, nje ya London, akizunguka njia yake ileile ya kokoto nyuma ya nyumba huku akifikiri. Alijiwekea sharti: akikutana na ukweli unaopingana na wazo lake, auandike papo hapo, kwa sababu alikuwa amegundua kwamba mambo ya namna hiyo huponyoka kichwani upesi kuliko yale yanayomuunga mkono. Rudia kusoma sentensi hiyo, wewe unayefundisha watu kujiamini. Huyu mtu aliishuku hata kumbukumbu yake mwenyewe, akaiwekea mtego.

Kitabu chake kuhusu asili ya spishi kilitoka Novemba 1859, baada ya Alfred Russel Wallace kumwandikia mwaka uliotangulia kutoka visiwa ambavyo leo ni vya Indonesia, akiwa na wazo kama lake. Ndani ya kitabu kuna sura nzima, ya 6, ambamo Darwin anajipinga mwenyewe: hapa sina ushahidi wa kutosha, hapa jicho linanitisha, hapa visukuku vinakosekana. Wataniambia alichelewa. Ndiyo, alichelewa, na kitabu kikatoka kikiwa na majibu ya maswali ambayo wapinzani walikuwa hata hawajayauliza. Mwaka 1860 ulipozuka mjadala mkubwa juu ya nadharia yake pale Oxford hakuwepo. Alikuwa kwenye tiba ya maji, tumbo likimsumbua, na Hooker na Thomas Huxley wakasema kwa niaba yake. Katika kitabu alikuwa amekadiria kwamba bonde moja la kusini mwa Uingereza lilichukua miaka milioni 300 kumomonyoka. Akakosolewa, akaona hesabu yenyewe ni dhaifu, na katika toleo la 3 la mwaka 1861 akaiondoa. Hebu mpeleke mtu huyo ukumbini asimame apige kelele kwamba ni mshindi.

Na kama Darwin yuko mbali sana, tuje karibu. Usiku wa Januari 27, 1986, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za Challenger, chombo cha anga cha Marekani, walisema kwenye simu kwamba baridi ya Florida itaifanya mipira inayoziba viungo vya roketi iwe migumu na gesi ya moto ivuje. Roger Boisjoly alikuwa mmoja wao, na miezi 6 kabla alikuwa ameshaandika barua ya ndani kuonya juu ya viungo hivyo. Wakaulizwa kama wana uthibitisho. Uthibitisho kamili hawakuwa nao. Walikuwa na wahaka na vielelezo vichache. Bosi mmoja akamwambia mwenzake avue kofia ya uhandisi avae ya umeneja, na wakubwa wakaidhinisha safari. Asubuhi yake chombo kilisambaratika angani sekunde 73 baada ya kuruka, kikiwa na watu 7, akiwemo mwalimu wa shule Christa McAuliffe. Kikao kile hakikukosa watu wanaojiamini.

Nikiyasema haya nyumbani kwangu na mtaani, hujibiwa kwamba tukiwatetea wenye shaka tutakosa viongozi. Nani aliyewahi kukosa viongozi katika nchi hii? Kata moja ina wagombea wa kujaza basi, na kila mmoja ana uhakika. Mwingine akaniambia mwenye kujisuta hatathubutu hata kuposa. Darwin alioa, akazaa watoto 10. Kabla ya kuposa alichukua karatasi akaigawa pande mbili, faida za kuoa upande huu, hasara upande ule. Akajadiliana na nafsi yake, akaamua, akaenda kwa Emma.

Wapo pia wanaoleta dini, kwamba wasiwasi unatoka kwa shetani. Mimi ni mtu wa ibada. Ninachojua ni kwamba dini zote mbili tunazozifuata hapa zinamtaka mtu ajihesabu nafsi yake kila siku, atubu na amwogope Mungu. Anayejisuta kila usiku yuko karibu na mlango wa msikiti na wa kanisa kuliko anayejisifu jukwaani kwa kiingilio.

Sisemi wahaka ni mtamu. Wapo uliowazidi hadi hawali wala hawalali, na hao wapelekwe kwa daktari, wasipelekwe ukumbini kupigiwa muziki. Lakini kijana anayefanya kazi, anayependa watu wake, na anayejiuliza kila siku kama amekosea, hana cha kutibiwa. Ana cha kupewa, nacho ni muda, karatasi na mtu wa kumsikiliza mpaka mwisho wa sentensi.

Hilo la mwisho ndilo gumu zaidi kwetu, kwa sababu vikao vyetu vimeharibika. Mtu anaanza kusema, mwenzake anamkata, mwenye sauti nene anamaliza. Dakika 30 za kwanza ni salamu na itifaki, za mwisho ni kutoa shukrani, na jambo lenyewe linapitishwa katikati kwa haraka kabla chai haijapoa. Shuleni ni yaleyale. Mtoto anayenyoosha mkono kabla swali halijaisha anaitwa hodari, na anayefikiri kwanza anaandikiwa kwenye ripoti kwamba "hashiriki". Nimesoma neno hilo kwenye ripoti za mpwa wangu muhula baada ya muhula, zikiwa zimeandikwa na walimu ambao hawakuwahi kufungua daftari lake la nyuma, lile analojiulizia maswali. Wahenga walijua kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na bado tunawalea watoto wakiogopa kunyamaza.

Usaili wa kazi nao! Watu 5 mezani, dakika 10, na swali la kwanza ni "jieleze". Anayejieleza vizuri anapata kazi ya kuhesabu fedha. Kwa nini? Kazi yenyewe ni kukaa peke yake na tarakimu hadi jioni. Mwajiri anapima ulimi, akishakuajiri anautaka umakini wako, halafu mwaka ukiisha anashangaa hesabu hazifungi. Mpwa wangu ameshatolewa kwenye usaili wa namna hiyo, na waliomtoa hawakumpa hata karatasi moja yenye hesabu aifanye.

Nilimjibu kwamba T haifutiki na asijaribu kuifuta. Nikamwambia aache kusema "huenda nimekosea" kwenye kikao, si kwa sababu ni uongo, bali kwa sababu watu hutumia neno hilo kumnyamazisha. Aandike. Aandike alichokiona, ukurasa gani, mstari upi, kiasi gani, na amepataje, kisha ampe katibu siku mbili kabla ya kikao na abaki na nakala yenye tarehe. Karatasi haitetemeki sauti.

Na kwenu wenyeviti, mameneja na wakuu wa idara: gawieni ajenda mapema, na kabla hamjapitisha jambo mgeukieni yule wa kona ya mwisho ambaye hajasema, mumuulize kwa jina lake nini kinamtia wasiwasi. Akisema "nadhani", msimkatishe. Muulizeni ameona nini, mkae kimya mpaka amalize, na mtu mmoja aandike.