Ada ya Maziko Iliyobaki Japani

Barua ya wazi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA), Nairobi
Nakala: Baraza la Vyuma Chakavu

KUH: MABAKI YA MAGARI YASIYO NA MNUNUZI

Gari likifa Kenya halizikwi, hugawanywa. Injini ikiwa nzima hutolewa kwanza, kisha giaboksi, alternata, stata, redieta, milango, vioo na taa. Bodi tupu inayobaki hukatwa vipande na kuuzwa kwa kilo. Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wenye kazi yao bado huiita Grogan, inaishi kwa mgao huo.

Nafuu yake kwa mwenye gari haina ubishi. Magari mengi huingia nchini yakiwa yametumika, mradi hayajazidi miaka 8 kwa mujibu wa kiwango cha KS 1515, na hapa huzeeka kwa muda mrefu. Mwenye gari la miaka 15 hana haja ya mlango mpya wa kiwandani ilhali gari la aina hiyohiyo lililogongwa nyuma lina mlango mzima, pengine hata wa rangi ileile. Fundi mzoefu humtuma mteja akiwa na spea iliyoharibika mkononi, kwa kuwa magari mawili ya jina moja na mwaka mmoja yanaweza kuwa na injini tofauti. Stata hujaribiwa papo hapo kwa betri. Injini na giaboksi huuzwa kwa maafikiano ya siku chache za kurudisha. Breki pedi, matairi, mikanda ya usalama na mifuko ya hewa havimo katika hesabu hii: spea ya kuokoa maisha haiwi rahisi ikiwa hakuna ajuaye imepitia nini.

Bodi iliyokatwa nayo ina wenyewe. Takriban theluthi mbili ya uzito wa gari ni chuma na feleji, na viwanda huviyeyusha vikawa nondo. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji hugeuza mabati ya zamani kuwa majiko na masanduku. Kuyeyusha alumini iliyokwisha kutumika huhitaji kama asilimia 5 tu ya nishati ya kuitoa upya katika madini yake, ndiyo maana rimu ya alumini hailali nje usiku mmoja. Kwa kifupi, chenye bei hujipatia mchakataji bila serikali kuhimiza mtu. Suala lililoletwa mbele ya Mamlaka ni la kile kisicho na bei.

Japani, yanakotoka mengi ya magari haya, ililiona suala hilo mapema. Sheria yake ya kuchakata magari, iliyoanza kutumika Januari 2005, humtoza mnunuzi wa gari jipya ada ambayo kwa kawaida huwa kati ya yeni 6,000 na 18,000. Ada hiyo haigusi injini wala milango, kwani wavunjaji wa huko pia hupata riziki yao humo. Hugharamia vitu vitatu: gesi ya AC, mifuko ya hewa, na takataka zinazosalia gari likishasagwa, yaani sponji za viti, plastiki na mpira. Gari likiuzwa ng'ambo, aliyelisafirisha anaweza kudai ada irudishwe, naye hurudishiwa. Hilo ni halali, na lina mantiki: Japani haitalizika gari hilo. Ila meli ikifunga gati Kilindini, gari hushuka na gesi yake, mifuko yake na sponji zake. Ada haishuki.

Kinachofuata hakihitaji utafiti, kinaonekana. Bomba la AC likikatwa, gesi hutoka ikapotelea hewani. Nyaya huchomwa ili shaba ibaki; shaba ina mnunuzi, moshi una jirani. Oili chafu humwagwa, au hupakwa nguzo za ua kuzuia mchwa. Mfuko wa hewa ambao haujafyatuka una baruti yake bado, nao hukaa hatua chache kutoka kwa anayekata bodi kwa moto.

Betri ni mkasa wa peke yake, maana ina bei nzuri na bado hudhuru. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi 2007 ubavuni mwa makazi ya watu, na kilifungwa 2014 baada ya madini ya risasi kuingia katika miili ya wakazi. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, NEMA ikiwa miongoni mwa walioamriwa kulipa. Mahakama ya Rufaa ilitengua hukumu hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Kufunga biashara nzima si dawa. Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara ya vyuma chakavu baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa. Kufikia Mei ilikuwa imefunguliwa tena. Magari hayakuacha kufa katika miezi hiyo.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 tayari inamtwika mzalishaji wajibu wa taka ya bidhaa yake. Mamlaka inaombwa kuitumia kwa magari ya mtumba: kila gari lilipiwe bandarini ada inayokaribiana na ile iliyorudishwa Japani. Itamwangukia mnunuzi, hilo halifichiki, ila mbele ya ushuru anaolipa sasa ni kiasi kidogo. Fedha hizo zisiishie katika mfuko wa jumla wala kwa kampuni moja mpya. Zilipwe kwa wavunjaji waliopo, kwa kila gari lililotolewa gesi, mifuko na oili kabla ya kukatwa, na malipo yafanyike kwa nambari ya chesisi, ili gari la wizi lisipate pa kupitia. Ujuzi wa kazi wanao. Wanachokosa ni sakafu ya saruji, mapipa ya oili na mashine ya kunyonya gesi.